Maziwa Yamefika, Nani Ameyapokea?

Saa 12:40 asubuhi, mfuko unaning'inia kwenye kitasa cha geti. Ndani mna pakiti nne za maziwa za nusu lita, trei ndogo ya mayai, fungu la mboga za majani na mkate. Pakiti zina jasho la baridi, na matone yanateremka taratibu hadi kwenye karatasi ya mkate. Aliyeleta amebonyeza kengele mara mbili, akangoja kidogo, akaupiga mfuko picha kwa simu, akaondoka. Ana milango kumi na minane mbele yake. Mwenye nyumba yuko bafuni; kwenye simu yake iliyo mezani umeingia ujumbe wa maneno mawili: mzigo umefika.

Saa 1:15 jua linapanda juu ya ukuta na kuugusa mfuko.

Saa 2:20 mtu anafungua geti, anauchukua, anaupeleka jikoni. Lile jasho la pakiti limekauka kitambo.

Kwa wiki kadhaa sasa hiyo saa moja na dakika arobaini haijanitoka kichwani. Ukiuliza, kila mmoja amefanya sehemu yake. Maziwa yalipozwa mapema, yakapakiwa yakiwa baridi, yakabebwa kwenye sanduku la barafu, yakafika kabla ya muda ulioahidiwa. Mnunuzi naye alilipa. Lakini kati ya ile picha na jikoni palikuwa na muda ambao maziwa hayakuwa na mwenyewe. Muuzaji alishayatoa kwenye hesabu yake, mnunuzi alikuwa hajayaingiza kwenye ya kwake.

Kadiri ninavyolifikiria, naona tumechanganya kazi mbili. Kufikisha ni kuleta kitu mahali. Kukabidhi ni kukitoa mkononi mwako kikaingia mkononi mwa mwingine. Unga unavumilia kufikishwa tu. Maziwa yanataka kukabidhiwa.

## Baridi haitengenezwi njiani

Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi. Kanuni inayofuatwa na wafugaji na wasindikaji ni kuyashusha hadi nyuzi 4 ndani ya saa mbili baada ya kukamua. Sababu yake ni hesabu ya bakteria. Wakipata joto linalowafaa, wengi wao huongezeka maradufu kila dakika 20 hadi 30. Chukua wale wa dakika 30: mmoja anakuwa wawili, wanne, wanane, na zikitimia saa mbili wako kumi na sita. Zikitimia saa nne wako 256. Kwenye nyuzi 4 wengi wao karibu wasimame kabisa. Wapo wachache wanaostahimili baridi, hasa wa jamii ya Pseudomonas, ambao huendelea kuongezeka polepole hata ndani ya friji, na ndiyo maana maziwa ya kwenye friji nayo mwishowe huharibika.

Kupasteurisha, yaani kuyapasha maziwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa dakika 30, huua vijidudu vya magonjwa. Hakuui kila kitu. Baadhi ya bakteria hujifunga kwenye mbegu zao ngumu, wakastahimili joto hilo na kuamka baadaye pakiti ikipata vuguvugu. Kwa hiyo pakiti iliyopasteurishwa bado ni mali ya baridi, tangu kiwandani hadi kikombeni. Maziwa ya UHT ni habari nyingine: yamepashwa hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye boksi lililotakaswa, na yanaweza kukaa nje ya friji kwa miezi mradi boksi halijafunguliwa. Kwa nyumba ambayo haina mtu asubuhi, hilo ndilo la kwanza ningelishauri. Si kila maziwa lazima yawe ya kukimbizana na jua.

Sasa barafu. Wengi wanaamini kuwa barafu iliyo ndani ya sanduku la kubebea inayapoza maziwa. Tupige hesabu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334 za joto. Lita 1 ya maziwa hupoteza karibu kilojuli 4 ili ishuke kwa nyuzi 1. Ukiwa na lita 20 zenye nyuzi 37 na unazitaka zifike nyuzi 4, unahitaji kuondoa kama kilojuli 2,640. Hizo ni kilo 8 za barafu zinazoyeyuka zote hadi tone la mwisho, na bado hujahesabu joto linalopenya kwenye kuta za sanduku. Hakuna anayebeba mzigo huo nyuma ya baiskeli.

Lita zilezile 20, zikianza na nyuzi 4, ukitaka tu zisivuke nyuzi 8, joto unalopambana nalo ni kama kilojuli 320. Kilo moja ya barafu inatosha.

Barafu ni mlinzi. Haina nguvu ya kumrekebisha aliyepakia vibaya.

Kwa hiyo sanduku lipozwe tangu usiku, kwa chupa mbili za barafu zinazotolewa asubuhi na kubadilishwa na mpya. Pakiti ziingie zikiwa nyuzi 4 au chini, na zipimwe kwa kipimajoto, kwa sababu vidole hudanganywa na umande. Barafu ikae juu ya pakiti, maana hewa baridi hushuka. Nafasi iliyobaki wazi ijazwe kitambaa kikavu au magazeti yaliyokunjwa, la sivyo kila kifuniko kikifunguliwa hewa baridi inamwagika na ya moto inachukua nafasi yake. Milango kumi na tisa, sekunde 20 kila mlango, ni zaidi ya dakika sita za sanduku kuwa wazi. Anayejua kazi hubeba masanduku mawili: kubwa lisiloguswa, na dogo la mtaa anaouhudumia wakati huo. Dogo likiisha, analijaza mara moja kutoka kwa kubwa.

## Picha inathibitisha nini

Picha ya mfuko getini ilianza kwa nia njema. Ilimaliza ubishi wa "hukuleta" na "nilileta". Wasiwasi wangu ni kile ilichokuja kufanya baadaye: iligeuka kuwa mwisho wa kazi.

Picha inaonyesha mfuko ulikuwa wapi. Haionyeshi una joto gani, wala nani ataufungua, wala lini. Na kwa kuwa mfumo unauhesabu mlango huo kuwa umekamilika mara picha inapoingia, hakuna tena anayeuliza.

Hili si jambo la leo. Nchini Uingereza, maziwa yalipokuwa yakiachwa vizingitini kwenye chupa za glasi, ndege wadogo walijifunza kutoboa vifuniko na kunywa malai iliyoelea juu. Tabia hiyo ilirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1921 huko Swaythling, karibu na Southampton, na ikaenea miji mingi. Wanasayansi wameisoma kama somo la jinsi ndege wanavyoiga. Mimi naisoma pia kama kumbukumbu ya vizingiti: chupa zilikaa pale muda mrefu kiasi cha kuwapa ndege nafasi ya kujifunza.

Mwanga nao hauhitaji mdomo. Jua likipiga maziwa yaliyo kwenye chupa angavu au pakiti nyepesi, vitamini B2 huanza kuvunjika, na maziwa hupata ladha ya ajabu, kama karatasi iliyoungua kidogo. Mnunuzi akionja atasema maziwa "yana kitu", na muuzaji ataapa kwamba ni ya leo. Wote wawili wanasema kweli.

## "Nitachemsha tu"

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na watu, kwa hiyo nikae kidogo.

Maziwa yaliyochelewa getini yanaletwa jikoni, sufuria inawekwa motoni, na mpishi ana amani: moto utasafisha. Angalia sufuria yenyewe. Ukingoni vinaanza viputo vidogo. Maziwa mazima hupanda kwa pamoja, utando juu ukinyanyuka kama kitambaa. Yaliyoanza kuchacha hufanya jingine: kabla hata hayajafika kuchemka, ubavuni mwa sufuria vinaonekana vipunje vyeupe, kisha mabonge madogo, na katikati yake maji ya rangi ya kijani-njano. Yamekatika. Maziwa mazima yana asidi ya asilimia 0.14 hadi 0.18 hivi, ikipimwa kama asidi ya laktiki. Bakteria wanapoipandisha kupita 0.2 na kuendelea, protini inakosa utulivu, na joto linamalizia kazi.

Kukatika kwenye sufuria kuna heri yake: unaona, unajua la kufanya.

Kinachonisumbua ni yale yasiyokatika. Bakteria aina ya Staphylococcus aureus, wakipata muda na joto la kutosha kwenye maziwa, wanaweza kutoa sumu isiyovunjwa na kuchemsha kwa kawaida. Moto unawaua wenyewe, sumu yao inabaki. Maziwa yanapanda vizuri, utando unanyanyuka, chai inanoga, na saa chache baadaye nyumba nzima inatapika. Kuchemsha ni ulinzi mzuri, na kwa maziwa mabichi ni lazima, lakini hakurudishi nyuma saa ambazo maziwa yalikaa kwenye joto. Baridi na moto hazifanyi kazi moja.

## Upimaji una mahali pake

Kuna wasomaji watakaosema basi mletaji apime mlangoni mbele ya mnunuzi. Nilivutiwa na wazo hilo kwa muda, kisha nikaliacha. Mlangoni ni mahali pa kipimajoto tu. Vipimo vingine vifanywe pale maziwa yanapopokelewa kwa jumla, kabla hayajagawanywa, kwa sababu debe moja bovu likishachanganywa na mazuri, maji yamekwisha kumwagika.

Kipimo cha haraka ni cha alkoholi: mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68 hadi 70, zitikiswe kwenye kijaribio, kile kichupa chembamba cha glasi. Vikitokea vipunje kwenye glasi, maziwa hayo yameanza kuchacha au yana hitilafu nyingine, labda ya ng'ombe aliyezaa juzi au mwenye ugonjwa wa kiwele. Usiyachukue.

Laktomita, kifaa kinachoelea na kuonyesha ujazito wa maziwa, yaani uzito wake kwa ujazo wake, inataka utulivu zaidi. Maziwa yakorogwe kwa upole, yamiminwe kwenye silinda kwa kuitegesha ili povu lisitokee, laktomita iachwe ielee bila kugusa ukuta, macho yawe usawa wa maziwa. Ujazito wa kawaida kwa nyuzi 20 ni kati ya 1.028 na 1.033 hivi. Kila nyuzi 1 juu ya 20, ongeza 0.0002 kwenye usomaji. Kila nyuzi 1 chini, punguza kiasi hichohicho. Usipime maziwa yaliyotoka kukamuliwa sasa hivi, yatakupa namba ya chini na utamshuku mfugaji bure. Maji yakiongezwa, namba inashuka. Ila kuna ujanja wa zamani: mtu anaengua malai, namba inapanda, kisha anaongeza maji hadi irudi pale pale. Laktomita peke yake haimkamati huyo. Ndiyo maana anayenunua kwa jumla hupima na mafuta pia.

## Njia fupi siyo njia ya baridi

Nyumba 10 tu zinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800. Programu ya simu inachagua njia fupi kwa sekunde chache, na mletaji anaifuata. Kwa muda mrefu nilidhani hapo ndipo penye siri ya huduma nzuri: punguza kilomita, maziwa yafike mapema.

Kisha lile geti likaniharibia hesabu. Mfuko ulifika mapema. Ulifika mapema mno.

Njia iliyopangwa kwa kilomita haijui mlango gani hufunguliwa saa ngapi. Programu humweka wa saa 2:20 katikati ya wa saa 12:30 kwa sababu nyumba zao zinapakana. Dawa yake inahitaji daftari na uvumilivu wa wiki mbili. Kwa kila mlango andika saa uliyofika, saa mwenyewe aliyoupokea mzigo (muulize, wengi wanasema ukweli ukiuliza bila lawama), na nani aliyepokea. Wiki mbili zikiisha, milango inajipanga yenyewe: wapo wanaoamka na alfajiri, wapo wa baada ya kupeleka watoto shule, na wapo wasiotabirika, wenye zamu za usiku au wanaoishi peke yao.

Kundi la kwanza lipelekewe kwanza, hata kama njia inajikunja na kurudi ilikopita. La pili lipate mzunguko wa pili. Hapa kuna gharama, sifichi: mafuta, muda, na barafu mpya. Kwa mawazo yangu, milango mitano ndiyo mpaka. Ikizidi mitano mtaa mmoja, mzunguko wa pili unajilipa kwa maziwa yasiyorudishwa na wateja wasiohama. Ikipungua hapo, tumia kisanduku, nitakieleza hapo chini. Na wasiotabirika wasiandikiwe oda ya kila siku ya maziwa ya baridi hata kidogo. Wachukue ya UHT kwa wiki, au waagize siku wanayojua watakuwepo, kabla ya saa ya mwisho ya kupokea oda jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kwenye majengo yenye mlinzi, jina la mpokeaji huwa moja kwa nyumba zote, na inaonekana kama shida imekwisha. Nenda ukaone mifuko inakowekwa. Mara nyingi ni chini ya kiti, ndani ya kibanda cha bati chenye dirisha dogo, ambacho saa 3 kimeshakuwa tanuri. Mlinzi amepokea kwa uaminifu wote, maziwa yanaharibika mbele yake, na hakuna aliyempa mahali pa kuyaweka.

## Mfuko mmoja, tabia nyingi

Maziwa yakisafiri na vitu vingine vya jikoni, mambo huongezeka.

Kosa la kwanza ni unyevu. Pakiti baridi inatoa jasho. Mkate unalowa, karatasi ya unga inapasuka, na mayai yaliyotoka kwenye baridi yakatolewa nje ghafla yanaota umande unaosaidia vijidudu kupenya vitundu vya ganda. Maziwa yawe na mfuko wake, hata kama yote ni ya nyumba moja. Mayai yasibadilishiwe hali njiani: yaliyokaa kwenye friji yaendelee na baridi, yaliyokaa nje yasichanganywe na barafu.

Kosa la pili ni hewa. Ndizi, nyanya, parachichi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini. Zikifungwa mfuko mmoja na mboga za majani, zile za majani zinageuka njano kabla ya wakati. Na baridi iliyo rafiki wa maziwa ni adui wa ndizi: zikikaa chini ya nyuzi 13 hivi, ganda linakuwa kijivu na tunda halitaiva sawasawa tena. Nyanya nazo hupoteza ladha kwenye baridi kali. Usiziweke kwenye sanduku la barafu kwa sababu tu nafasi ipo.

Nyama na samaki wabichi wawe chini kabisa, kwenye chombo kisichovuja, mbali na kila kinacholiwa bila kupikwa. Sabuni, dawa za usafi na mafuta ya taa visafiri upande mwingine kabisa wa mzigo. Unga na maziwa hunasa harufu, na harufu hiyo haitoki.

Halafu kuna kubadilisha bidhaa. Ulichoagiza kimeisha, mpakiaji anaweka kinachofanana. Kwa sabuni ya kufulia hakuna neno. Kwa maziwa, kumwekea mtu yenye mafuta kamili wakati aliagiza yaliyoenguliwa, au ya mtoto badala ya ya kawaida, ni kumwamulia mambo ya afya yake. Sheria yangu hapo ni nyepesi: kisichoulizwa hakibadilishwi. Acha nafasi wazi kwenye mfuko, na uandike.

## Chupa inayorudi

Wanaotumia chupa za kurudishwa wananifurahisha, na nataka wafanikiwe, kwa hiyo niseme wanapokwama. Wananunua chupa moja kwa kila nyumba. Inahitajika angalau tatu: moja iko kwa mteja, moja iko njiani, moja inaoshwa. Ukiwa na nyumba 40 zinazochukua chupa moja kila siku, 120 ndiyo mwanzo, na weka za ziada kwa zitakazovunjika na zitakazosahaulika kabatini.

Kuosha kunaanza kwa mteja, kwa maji ya kawaida, mara chupa inapoisha. Maji ya moto yasitangulie. Protini ikipigwa na moto inaganda kwenye ukuta wa chupa, ikiacha utando mwembamba usioonekana ambao vijidudu hujenga juu yake. Baada ya suuza ya kwanza ndipo maji ya moto na sabuni, brashi hadi kwenye kona za chini, kisha suuza tena. Dawa ya klorini huja mwisho: mililita 4 za dawa ya asilimia 5 kwenye lita 1 ya maji hukupa miligramu 200 za klorini kwa lita. Iache iguse kila upande kwa dakika chache, imwage, pindua chupa kwenye rafu ikauke kwa hewa. Kitambaa kisiingie ndani. Klorini ikiwekwa kwenye chupa chafu hujimaliza kwa kupambana na uchafu, na vijidudu vinabaki salama chini yake.

Haya yote ndiyo yanayonifanya nisikubali madumu ya plastiki ya mdomo mwembamba kubebea maziwa. Mkono hauingii, brashi haifiki, plastiki inakwaruzika, na ndani ya kila mkwaruzo kuna maziwa ya jana. Chombo cha alumini au chuma kisichoshika kutu, chenye mdomo mpana, kinaoshwa ukakiona ndani.

## Anayelipwa kwa mlango

Hapa niligeuza mawazo yangu, na pengine ndipo palipokuwa pakininyima usingizi.

Nilikuwa namlaumu mletaji. Kwa nini hakungoja? Kwa nini hakupiga simu? Kisha ukiangalia anavyolipwa, unaona hakuwa na nafasi ya kungoja. Malipo yake yanahesabiwa kwa milango. Dakika tano kwenye geti lililofungwa ni mlango mmoja au miwili aliyopoteza mbele. Akirudi na maziwa, yanaandikwa kwake kama kazi isiyofanyika. Akiyaacha juani, yanaandikwa kama kazi iliyokamilika. Huduma yenyewe imemfundisha kuyaacha, kisha mteja anamkasirikia yeye, kwa kuwa ndiye uso pekee anaouona.

Mpe haki ya kurudi na maziwa. Mlango usiofunguliwa ulipwe sawa na uliofunguliwa, mradi maziwa yamerudi yakiwa chini ya nyuzi 7 na yameandikwa. Mpe simu moja ya kupiga na dakika mbili za kungoja zilizo ndani ya ratiba, siyo juu ya ratiba. Na mteja ajue tangu siku ya kwanza: baada ya simu hiyo, mzigo wa baridi unarudi, mkate na unga vinabaki.

Wapo watakaosema mteja atakasirika. Siku ya kwanza, ndiyo.

## Kisanduku kando ya mlango

Kwa milango michache isiyostahili mzunguko wa pili, nyumba yenyewe iweke kisanduku cha kupokelea. Povu gumu lenye unene wa sentimita 3 au 4, kifuniko kinachokaza, rangi nyeupe kwa nje, tundu dogo la kutolea maji ya umande. Kisikae sakafuni, kiinue kwa tofali mbili, mbali na wadudu na joto la zege. Kivuli chake kiwe kile cha saa 3 asubuhi, maana kivuli cha alfajiri kipo kila mahali na hakikuambii kitu.

Ndani, usiku, mwenye nyumba anaweka chupa mbili za nusu lita zilizogandishwa. Zijazwe maji, moja ya kumi ya juu ibaki wazi, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hupasuka. Kila chupa ikiyeyuka yote inafyonza kama kilojuli 150, joto ambalo lingeweza kuzipandisha lita 2 za maziwa kwa nyuzi kama 19. Mbili zinatosha kwa lita 2 na kwa joto linalopenya kwenye kuta, ikiwa kifuniko kimefungwa.

Mletaji naye anafungua, anapanga pakiti kati ya chupa, anakaza kifuniko. Akikuta hakuna chupa ndani, au zimeyeyuka, asiache maziwa. Kisanduku kisicho na barafu ni boksi tu.

Kabla ya kukiamini, kijaribu siku moja kwa maji. Jaza pakiti au chupa ya nusu lita maji ya friji yenye nyuzi 4, iweke kwenye kisanduku saa ile ile ambayo maziwa huletwa, pamoja na barafu yake, ufunge. Usiguse mpaka saa ambayo kwa kawaida unafungua mlango. Ingiza kipimajoto katikati ya maji, ngoja namba itulie. Ikisoma 7 au chini, agiza maziwa. Ikipita hapo, hamisha kisanduku upande wenye kivuli kirefu zaidi, ongeza chupa ya tatu, upime tena kesho yake.